Kabla ya ordinatere, anza na kartoni



Juma lililopita, kisha mkutano wa likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni. Ni mama anayeuza sambaza kule Kadutu; jina lake nalibakiza kwangu. Alitoa kaye moja aliyoifunga ndani ya kitenge, akaniambia: «Mwalimu, ona hii. Binti yangu ana miaka 14. Badala ya kurudilia masomo, anashinda anachora hivi vitu. Anasema anataka kutengeneza mchezo wa video. Na sababu anajua zamu yangu ya likelemba inakaribia, ananiomba nimununulie ordinatere. Nimuchape ao nimununulie?»

Nilimjibu: «Mama, usimchape, na usimnunulie kwanza. Niachie hii kaye siku mbili.»

Nilimwahidi kwamba maelezo mengine nitayaandika hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake. Watoto wetu wanacheza kwenye telefone za wakubwa wao, wanalipa franka zao kwenye nyumba za michezo kusudi wacheze mpira wa miguu kwenye televisheni. Siku moja, mmoja kati yao anachoka kucheza mchezo wa watu wengine, anasema: «Mimi pia naweza kutunga wangu.» Siku ile mzazi anajibu nini?

Kabla ya kutoa shauri, niungame kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikiwa nimetoka tu ISP na diploma yangu mkononi, nilimkuta kijana mmoja wa mwaka wa sita akichora wakati wa somo la hesabu. Alikuwa amechora njia zenye kupindapinda, milango, funguo, na namba kila mahali. Nilipasua ule ukurasa mbele ya wenzake. Wakacheka. Miaka ikapita, na nilipojifunza namna michezo inavyotengenezwa, nikaelewa zile namba zilikuwa nini: alikuwa anahesabu hatua ambazo mchezaji anahitaji kusudi afike kwenye mlango. Ile ilikuwa hesabu. Nilipasua hesabu ndani ya somo la hesabu. Kijana yule hakuchora tena mbele yangu, na siwezi kujua kama alichora mahali pengine. Ndiyo sababu nasema: usichape, usipasue, usicheke.

Mawazo ya michezo yanatoka wapi? Yanatoka maishani mwa mtu. Katika miaka ya 1980, kule Moscow, Alexey Pajitnov alitengeneza mchezo unaoitwa Tetris. Wazo alilipata katika mchezo wa vipande vya mbao ambavyo watu wanapanga ndani ya sanduku. Ordinatere aliyotumia haikuweza hata kuonyesha picha. Vipande alivifanya kwa alama za mabano, kama zile tunazoandika kwenye ubao. Katika Japani, Satoshi Tajiri alikuwa mtoto aliyependa kukamata wadudu na kuwakusanya. Alipokuwa mkubwa, ile furaha ya kukusanya wadudu ikageuka kuwa mchezo wa Pokémon, uliotoka mwaka 1996. Hakuna hata mmoja aliyeanza na mashine kubwa. Kila mmoja alianza na kitu alichokifahamu vizuri.

Karibu zaidi na sisi, kuna Lual Mayen, mtu wa Sudani Kusini. Wazazi wake walikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Huko aliona ordinatere kwa mara ya kwanza, akamwambia mama yake kwamba anaitamani. Mama yake hakuwa na pesa, lakini hakumcheka. Aliweka akiba kwa miaka mitatu mpaka dola 300 zikatimia, akamnunulia mtoto wake ordinatere. Kijana alitembea masaa matatu kwenda kuichaji. Baadaye alitengeneza mchezo alioupa jina Salaam, ambamo mchezaji anatafuta amani, hatafuti kuua. Mwaka 2018 aliheshimiwa katika sherehe kubwa ya michezo ya video kule Marekani.

Wamama, mimi natazama ile miaka mitatu. Yule mama hakutoa pesa siku aliyoombwa. Alitoa kidogo kidogo, na wakati huo mtoto alikuwa na muda wa kuonyesha kama kweli anataka. Sasa turudi kwenye kaye ya binti yetu.

Niliisoma yote. Alikuwa ametia ndani mji wote wa Bukavu: magari, waaskari, harusi, mashindano ya mpira, nyoka mkubwa anayetoka ziwani, na watu zaidi ya mia moja, kila mmoja na jina lake. Kisha, katikati, kulikuwa na ukurasa mmoja tofauti. Mwanamke anapanda mlima na beseni kichwani, miguu ndani ya matope, mvua inanyesha. Chini aliandika: «Anapashwa kufika mbele sambaza hazijaharibika.»

Nilimwita yule binti, nikamwuliza: «Huyu ni nani?» Alitazama chini, akajibu: «Ni mama.»

Mama yake hakujua. Alifikiri binti anachora mambo ya Wazungu. Kumbe alikuwa anachora safari ambayo yeye mwenyewe anaifanya kila asubuhi, toka ziwani ambako wavuvi wanarudi na samaki wa usiku, mpaka sokoni Kadutu.

Nikamwambia binti: «Mchezo wako ni huu ukurasa mmoja. Ile mingine iache ilale kwanza.» Hakufurahi. Alitaka mji wote. Hapo ndipo vijana wengi wanaanguka: wanataka kuanza na mchezo mkubwa kama ule wanaouona kwenye televisheni, ambao umefanywa na mamia ya watu wenye mishahara. Wanafanya majuma mawili, kazi inawalemea, wanaacha, kisha wanasema: «Mimi siwezi.» Si kwamba hawawezi. Walibeba mzigo wa pikipiki kumi kwa kichwa kimoja. Kule Kamerun, Olivier Madiba alikuwa bado mwanafunzi mwaka 2003 alipoanza na wazo la mchezo wake Aurion. Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 2016. Ni miaka 13, na mwishoni alikuwa na kundi zima la wafanyakazi. Mtoto wa miaka 14 aanze na kitu anachoweza kumaliza kwa juma moja.

Haya ndiyo niliyomwomba afanye. Munaweza kuyafanya na watoto wenu pia, haihitaji umeme.

Kwanza, aseme mchezo wake kwa maneno mafupi: mchezaji ni nani, anataka nini, nini inamzuia. Yeye aliandika: «Mama anataka kufikisha sambaza sokoni, lakini njia ni ndefu, mvua inanyesha, na samaki zinaharibika.» Sisi walimu, tunapotayarisha somo, tunaandika lengo juu ya fishi mbele ya kuandika kitu kingine. Mchezo pia unahitaji lengo. Kama mtoto hawezi kulisema kwa muda wa kumenya kitunguu, wazo bado halijaiva. Muache alifikiri tena.

Pili, mchezo uchezwe juu ya kartoni kwanza. Tulikata kartoni ya sabuni, akachora nyumba 20 zikifuatana kutoka ziwani mpaka sokoni. Maharagi kumi ndiyo sambaza ndani ya beseni. Kifuniko cha chupa ndicho kinaamua hatua: kikianguka uso juu, unaenda nyumba mbili, kikianguka uso chini, unaenda moja. Kila ukitupa mara tatu, haragi moja linatoka, kwa sababu samaki zinaharibika. Nyumba tatu ni za mvua: ukizikuta, unapoteza maharagi mawili. Ukifika sokoni na maharagi matano ao zaidi, umerudisha mtaji na umeshinda. Matumizi yote: kifuniko kimoja, maharagi kumi, kartoni iliyokuwa ya kutupwa.

Watu wanaotengeneza michezo mikubwa wanafanya hivyo pia. Wanaanza na karatasi, kwa sababu kufuta mstari wa biki kunachukua dakika moja, lakini kubadilisha kazi iliyokwisha kuandikwa ndani ya ordinatere kunachukua siku nyingi.

Tatu, wengine wacheze, na mwenye mchezo anyamaze. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Siku ya mkutano wetu, kisha akiba kuhesabiwa, tuliweka kartoni juu ya meza. Wamama wanne walicheza, mama yake akiwa wa mwisho. Nilimwambia binti: «Usieleze kitu. Soma sheria mara moja, kisha andika unachoona.» 

Wamama wote wanne walipoteza. Hakuna aliyefika sokoni na maharagi matano. Mmoja alisema: «Huu mchezo hauna huruma.» Mwingine akasema: «Mimi sikufanya kitu, kifuniko ndicho kimefanya yote.» Niliona macho ya binti yamejaa machozi. Alitaka kufunga kartoni aende nyumbani.

Ndipo mama yake, aliyekuwa bado ameshika maharagi mawili yaliyobaki, akasema: «Lakini wewe mtoto, nani anatembea ndani ya mvua na sambaza bila kufunika? Mimi, mvua ikiwa kali, nasimama chini ya kibaraza cha butike. Napoteza wakati, lakini sipoteze samaki. Mvua ikiwa ndogo, naweka shiti juu ya beseni, naendelea. Kila siku napashwa kuchagua.»

Chumba kikanyamaza kidogo. Binti alichukua biki, akaandika.

Wamama, hapo mchezo ulizaliwa. Mbele ya hapo ilikuwa bahati tu. Mchezo mzuri unampa mchezaji jambo la kuchagua, na kila chaguo liwe na faida yake na hasara yake. Siku mbili baadaye kartoni mpya ilikuwa tayari. Sasa, ukikuta mvua, unachagua: kusimama, unakosa zamu mbili na saa ya samaki inaendelea kuhesabu, ao kupita, unatupa kifuniko, na kikianguka uso chini unapoteza maharagi mawili. Akaongeza pia njia ya mkato yenye utelezi, na pikipiki ambayo inakupeleka nyumba tano mbele lakini inakula haragi moja. Juma hili tulicheza tena. Mara hii wawili walishinda, wawili walipoteza, na wale waliopoteza walisema: «Lete tena!» Neno hilo, «lete tena», lina thamani kwa mwenye kutunga mchezo kuliko «bravo» yote ya duniani.

Nne, abadilishe kitu kimoja kwa mara moja. Vijana wanapenda kubadilisha kumi siku moja, kisha hawajui ni kipi kilichosaidia. Ni kama mchuzi: ukiongeza chumvi, pilipili na mafuta kwa pamoja, na ukawa mbaya, utajua kosa liko wapi? Binti yetu ana ukurasa ambapo anaandika tarehe, alichobadilisha, na watu walisema nini. Ule ukurasa ni kazi ya akili kama kazi ya nyumbani yoyote ninayotoa darasani.

Sasa, mama yangu, ile swali ya ordinatere.

Zamu yako ya likelemba ni pesa ya karo na ya mtaji wa sambaza. Usiiguse juu ya mchezo. Nasema hivyo nikimpenda binti yako. Ukinunua mashine leo na ikose kazi kisha mwezi moja, utamlaumu, naye atajilaumu, na wazo litakufa kwa aibu. Ila akimaliza mchezo wake juu ya kartoni, watu wakaucheza na kuuomba tena, hapo utajua unanunua chombo cha kazi iliyokwisha kuanza.

Na mbele ya kununua kuna hatua ya katikati. Kuna programu inaitwa Scratch, ya bure, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha MIT kule Marekani. Mtoto haandiki maneno magumu; anaunganisha vipande vya rangi, kila kipande ni amri: tembea, ngoja, ukigusa mvua punguza samaki. Inaweza kuwekwa katika Kiswahili ao Kifaransa, na ikishawekwa ndani ya ordinatere inafanya kazi bila intaneti. Kwa wenye telefone ya Android, kuna Pocket Code, ya bure pia, inayofanana na hiyo. Kaka yake mkubwa ana telefone ya namna ile. Saa moja Jumamosi na saa moja Jumapili kisha misa, inatosha kwa kuanza. Waulizeni pia majirani, parokia na shule kama kuna ordinatere inayolala bila kazi. Mara nyingine tunakosa kwa sababu hatukuuliza.

Kama kisha miezi bado anaendelea, fanya kama yule mama wa kambini: tenga kidogo kila juma, pembeni ya likelemba. Na yeye achangie. Wakati wa likizo anaweza kukusaidia sokoni, na sehemu ya faida iingie ndani ya kopo lake. Kitu mtoto alichokitokea jasho anakichunga.

Niweke pia mipaka, kusudi munielewe vizuri. Masomo na kazi za nyumbani zinatangulia. Buleteni ikishuka, kartoni inapumzika mpaka ipande. Mtoto anayetengeneza mchezo si sawa na mtoto anayecheza masaa matano. Mzazi aombe kuona kilichofanywa, si kuhesabu masaa tu. Akiingia kwenye intaneti, asiweke picha yake, jina lake lote wala mahali anapokaa, na asijibu mtu asiyemfahamu bila kukuonyesha. Na tusimdanganye kwamba atatajirika. Labda mchezo wake utachezwa na watu kumi na wawili wa kikundi chetu tu. Hata hivyo atakuwa amejifunza kupanga, kuhesabu, kusikia mtu akikosoa kazi yake bila kukimbia, na kumaliza kitu alichokianza. Ni watu wangapi wakubwa tunaowajua wenye hayo yote?

Neno la mwisho ni juu ya wasichana. Mama mmoja alisema siku ile: «Lakini mambo ya mashine si ya wavulana?» Nilimwonyesha meza. Mchezo umetungwa na msichana, umerekebishwa na muuza samaki, umejaribiwa na wamama wanne ambao hata mmoja hajawahi kushika ordinatere. Mvulana angeweza kuchora mlima na mvua. Lakini ile hekima ya kibaraza na shiti, nani angempa?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mara nyingi tunalitumia neno hilo juu ya fimbo. Mimi sasa nalisikia kwa namna nyingine: wazo la mtoto pia ni bichi kwa muda mfupi tu. Ukilicheka leo, kesho halitakuwa mezani.

Mkutano ujao, kisha akiba kuhesabiwa, kartoni itakuwepo tena. Mwenye mtoto mwenye kaye kama ile, aje naye. Asisahau maharagi kumi. Na wewe, mama yangu wa Kadutu: kaye yako nimeirudisha kwa binti, si kwako. Mwombe akuonyeshe ule ukurasa wa katikati.

Tuonane juma lijalo. Ni mimi, mwalimu wenu.